Anueni Nguo Kabla Mkwe Hajafika

Wewe mama uliye na binti ng'ambo, siku ukisikia amepata mume huko na wako njiani kuja, usianze na kuku. Usianze na rangi ya ukuta wala vitambaa vya makochi. Anza na kamba ya nguo. Angalia kuna nini juu yake, angalia kuna nini ndani ya beseni, kisha ndipo ukimbizane na kuku. Mong'ina wa Marani alianza na kuku, na haya ndiyo yaliyompata.

Huyu Mong'ina ni mjane, mtu wa Sabato, ana chai yake na migomba yake, na tangu azaliwe hajawahi kukosa jambo la kuhofia. Mvua ikinyesha anahofia udongo utateremka mtoni. Isiponyesha anahofia chai. Binti yake Purity alipokwenda Uholanzi kutunza wazee, Mong'ina alihofia baridi ya huko itamuua. Purity akampigia simu kumwambia asiwe na wasiwasi, baridi ameshaizoea. Mong'ina akaweka simu chini na kuanza kuhofia huko kuzoea. Maana mtu akishazoea baridi ya watu, kwao atarudi kutafuta nini?

Kwa hiyo Purity aliposema ameandikisha ndoa na kijana wa huko anayeitwa Joris, na kwamba mwezi wa nane watakuja wote wawili kumsalimu mama, Mong'ina alifurahi mpaka simu ilipokatika. Baada ya hapo hofu zake zote ndogo zilikusanyika zikawa moja. Huyo kijana asipopapenda hapa, Purity hatarudi tena. Atakuwa binti wa kwenye simu. Atazaa watoto wa kwenye simu, na Mong'ina atakuwa bibi wa kupungia kioo mkono.

Akapaka nyumba chokaa. Akapaka na choo. Akamtenga jogoo mmoja ale mahindi peke yake. Na lile jina Joris, Marani nzima ikaligeuza Yorisi, maana kwetu jina halikatwi mkia.

Sasa kuna jambo ambalo kila Mgusii analijua bila kufundishwa, nalo ni kwamba mama na mume wa binti yake hawachezeani. Hawashikani mikono. Hawakai kochi moja. Hawaitani majina wala hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anatoka njiani ampishe mwenzake, macho chini. Si ugomvi. Ni heshima, ndiyo tunaiita chinsoni, na kadiri mama anavyompenda mkwe ndivyo anavyozidi kumkimbia. Lakini mtu wa mbali akiiona heshima hiyo, anaweza kudhani amekosa kitu.

Mong'ina hakuwa mjinga, alilifikiria hilo mapema. Alimwambia mwanawe Ondieki, ambaye ndiye wageni wangelala nyumbani kwake upande wa pili wa boma, amweleze mgeni sheria zote. Ondieki ni dereva wa lori la majani chai na hana haya barabarani, lakini kumweleza mwanamume mwenziwe habari za mama yake kulimshinda. Akampigia Purity, akamwambia amweleze mumewe. Purity naye akajisemea mambo haya yanaelezwa vizuri na mwanamume, Ondieki atayamaliza wakifika. Ikawa kama chungu kilichoko mekoni ambacho kila mtu anajua mwenzake anakiangalia.

Basi Yorisi alifika hajui lolote. Alishuka garini akawa haishi kushuka, kwa vile alivyokuwa mrefu, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe na mikono wazi. Kwao Uholanzi, ukimsalimu mama wa mkeo unambusu mashavuni, kulia, kushoto, halafu kulia tena. Mong'ina aliona uso unakuja. Hakupiga kelele, hakurudi nyuma, alichutama tu, kama mtu aliyeangusha sindano. Nyuma yake alikuwa amesimama jirani yake Kemuma, aliyekuja kusaidia kupika na kuona. Yorisi alikuwa ameshainama na kuinama kwake kulikuwa kwa safari ndefu, hakukuwa na kurudi. Kemuma akapata yote matatu. Yeye mwenyewe anasema la kwanza lilimshtua, la pili lilimkuta tayari, na la tatu aliona ni haki yake.

Siku zile za kwanza Yorisi alipenda kila kitu. Alipenda ndizi, alipenda ukungu wa asubuhi juu ya chai, alipenda kuulizwa na watu njiani anakwenda wapi, ingawa alikuwa haendi popote, maana watu wa kwao hutembea kwa ajili ya kutembea. Purity alikaa jikoni na mama yake akimsimulia za huko. Alisema kule ukitaka kumtembelea jirani mnapanga kwanza siku na saa. Kemuma akauliza, hata ukiishiwa chumvi? Purity akasema kwa chumvi watu huenda dukani. Akasema pia kwamba mgeni hupewa chai na biskuti moja, kisha mkebe unafunikwa.  Mong'ina akaongeza vikombe viwili vya unga kwenye ugali wa mkwe, kwa huruma.

Lakini Yorisi alikuwa na tabia moja. Alilelewa na mama peke yake, mama wa kazi ya alfajiri katika duka la mikate, na nyumbani kwao sheria ilikuwa moja tu: anayeikuta kazi ndiye anayeifanya. Hawaulizi sufuria ni ya nani. Kila baada ya kula alikusanya vyombo akaja navyo jikoni, na kila alipoingia kwa mlango wa mbele Mong'ina alitoka kwa mlango wa nyuma. Kiswahili kidogo Purity alikuwa amemfundisha; Yorisi akajiongezea shikamoo kwenye simu, akaja nayo jikoni kila mara, akawa anauamkia moshi.

Ikafika Ijumaa. Mtu wa Sabato anaijua Ijumaa. Ni siku ya kufanya kila kitu, ili jua likitua usifanye chochote. Mong'ina aliloweka nguo zake asubuhi kwenye beseni nyuma ya nyumba, akalifunika kwa sinia, akapeleka majani chai kwenye kituo cha kupimia. Alidhani atarudi mapema. Lori likachelewa, na huwezi hata kumlaumu dereva wa lori wakati dereva ni mwanao. Purity alikuwa amekwenda Mosocho kumsalimu shangazi yake. Nyumbani alibaki Yorisi na kuku.

Mong'ina alikuwa bado kwenye foleni, kikapu mgongoni, alipomwona Kemuma anakuja bila majani yoyote. Kemuma hana chai upande ule. Mtu anayekuja kituoni bila majani amekuja na maneno.

“Mong'ina,” alisema, “kwako leo kumependeza.”

Mong'ina akauliza kumependeza nini.

“Kamba yako. Nguo zimenyooka kama za dukani. Nimepita nikasimama.”

“Nguo gani? Nguo zangu ziko kwenye beseni.”

“Zilikuwa,” Kemuma akasema. Akasogea karibu, lakini hakupunguza sauti. “Na sikujua wewe ni kilo hamsini. Ningekukadiria sabini. Lakini nimesoma mwenyewe, na maandishi hayadanganyi.”

Wanawake wa foleni hawakuelewa. Mong'ina alielewa. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo yeye na kilo hamsini walikutana. Ilikuwa petikoti yake ya zamani, ile ya kuvalia shambani. Zamani alipokuwa hana kitambaa aliitia kiraka nyuma, kiraka kizuri, cha mfuko wa unga wa ngano, mfuko wa nguo kama ilivyokuwa siku hizo. Alifua miaka yote akingoja maandishi yatoke. Yalififia, lakini ukiyanyoosha juani bado yanasomeka: UZITO KILO 50.

Ninyi mnajua jinsi nguo kama ile inavyoanikwa. Inaanikwa chini ya leso, ukutani nyuma, upepo wenyewe usiione. Yorisi hakujua. Aliona beseni, akaona kazi, akaifanya. Alifua vizuri, hilo halina ubishi. Alibadilisha maji, akasuuza, akakung'uta, akaanika kwenye kamba ya mbele inayotazamana na barabara, kwa sababu huko ndiko kwenye jua. Alibana kila nguo kwa vibanio, ncha kwa ncha, kitenge, gauni, blauzi ya kanisani, na katikati ya vyote petikoti, mgongo barabarani. Ilikuwa siku ya soko Marani. Watu walipita wakienda, na wale walioenda wakarudi.

Mong'ina alirudi kwa njia ya migombani. Alipofika kwenye majani marefu ya ng'ombe akachungulia. Aliiona kamba. Alimwona na Yorisi, amekaa kwenye kigoda karibu nayo, mikono mitupu, uso umejaa furaha, akimngoja mama aje aone. Kama angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi. Lakini alikaa pale kama mtoto aliyechora picha.

Mama yake mwenyewe Mong'ina alikuwa akisema kwamba mkwe hatakiwi hata kujua mama mkwe anavaa nini ndani. Zamani jambo kama hili pangetafutwa kondoo, watu wakae chini, boma litakaswe. Sasa kondoo utamwelezaje mchungaji wa kanisa? Mong'ina aligeuka kimya kimya, akaenda kukaa kwa Kemuma mpaka Purity aliporudi kutoka Mosocho na kuanua. Na kukaa kwa Kemuma siku kama ile si kupumzika.

Tangu hapo hakuonekana tena. Jumamosi alikwenda kanisani kabla ya watu wote, kwa njia ya chini, akaketi nyuma ya kwaya ya akina mama ambako hata yeye mwenyewe hakumwona mhubiri. Yorisi alivaa shati jeupe, akageuka kila upande kumtafuta. Chakula kililetwa na Purity, kilirudishwa na Purity. Akiingia kijana huku, mama alikuwa ametoka kule, na sasa hata ile shikamoo haikuwa na moshi wa kuipokea. Alimuuliza Ondieki waziwazi, kama wanavyouliza wao, mama yako ananichukia? Ondieki akajibu hapana, anakuheshimu sana, kisha akakumbuka lori linamngoja.

Yorisi alilala na jibu hilo likamchoma zaidi. Alimwambia Purity kwamba kwao mtu anayekuheshimu anakutazama usoni.

Habari hizo zilimfikia Mong'ina jikoni, akaona sasa lazima aseme neno. Kwa kuwa mdomo wake haungeweza, akamwachia jogoo aseme. Jumapili alimchinja yule wa mahindi. Na firigisi, ambayo kwetu si nyama ya kila mtu, ni ya mwenye boma, na tangu baba yake Purity afe hupewa Ondieki, Mong'ina aliitoa, akaisafisha, akaichemsha mpaka ikalainika kadiri firigisi inavyoweza kulainika, akaiweka peke yake katikati ya sahani nyeupe, akaifunika kwa sahani nyingine. Akamwambia Purity ampelekee mumewe na asiseme kitu. Firigisi itajisemea.

Yorisi alifunua. Watu wote mezani walikuwa na mapaja na mabawa kwenye bakuli kubwa la mchuzi, na yeye amewekewa kando kijinyama kimoja, kidogo, kigumu, chenye umbo la sikio. Akaelewa kwa njia yake. Akafikiri, haya, sasa hata kuku wamenitenga naye. Lakini alilelewa vizuri. Ondieki anasema alitabasamu, akafunika sahani, akaomba irudishwe jikoni na shukrani nyingi, mama asijinyime, akile yeye.

Mong'ina alifunua sahani akaikuta firigisi nzima inamtazama. Katika Marani yote hajasikika mtu aliyerudishiwa firigisi. Aliketi nayo mapajani, hakujua kama aile au aizike.

Purity ndiye aliyeingia, akafunga mlango wa mbele, halafu, kwa vile anamjua mama yake, akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma.

“Mama, kesho kutwa tunahamia hoteli, Kisii mjini. Yorisi anasema anaona anakusumbua. Anasema mtu asilazimishwe kumtaka mgeni kwake.”

Mong'ina akaigeuza firigisi upande wa pili.

“Na mimi nimechoka kusimama katikati yenu,” Purity akasema, polepole, bila ukali. “Nikitoka hapa hivi, mama, nitamwambiaje siku nyingine turudi? Sijui kama nitarudi.”

Ndiyo hayo. Hofu ile iliyokuja na simu ilikuwa sasa imesimama mlangoni na kitambaa kichwani, ina sura ya binti yake.

“Kumtaka namtaka,” Mong'ina alisema mwishowe. “Kumwangalia ndio siwezi. Ameona petikoti yangu, Purity. Ameikamua kwa mikono yake.”

 Miaka aliyokaa Purity Uholanzi ilikuwa imemsahaulisha uzito wa jambo hili, au alijifanya imemsahaulisha. Akaichukua ile firigisi mapajani mwa mama yake, akaikata vipande viwili, wakala, kisha akatoka kwenda kumtafuta mumewe kwenye migomba na kumweleza yale ambayo yeye na kaka yake walirushiana. Mong'ina alisikiliza kutoka jikoni. Alisikia binti yake akizungumza Kiholanzi kwa muda mrefu, akasikia kijana anacheka kidogo. Halafu akasikia mguno mmoja mzito, kama wa ng'ombe aliyekanyagwa kwato. Akajua wamefika kwenye petikoti.

Jumatatu Mong'ina alikwenda Nyakoe na mkungu wa ndizi, akauza, akarudi kwa miguu kwa ile njia nyembamba inayopita kati ya ua wa jirani yake Anyona na majani yake ya ng'ombe. Alikuwa na mawazo mengi kichwani na kikapu kitupu juu ya mawazo. Alipoinua macho, Yorisi huyo, anatembea kwa ajili ya kutembea, anakuja kutoka upande wa pili.

Sasa mkwe wetu wa kawaida angepiga hatua moja pembeni, akaangalia chini, mama akapita, ikaisha. Lakini Yorisi alikuwa amefundishwa jana tu, na alikuwa mwanafunzi wa kweli. Alitoka njiani kabisa. Akageuza mgongo. Akavua kofia akafunika nayo uso, asije akaona chochote zaidi ya alivyokwisha kuona. Na akiwa hivyo, haoni mbele wala nyuma, akaendelea kusogea ili nafasi ya mama iwe kubwa zaidi, akapita kwenye majani, akatokea upande wa pili, ambako Anyona amechimba shimo lake la mbolea na kulifunika kwa majani makavu ya migomba.

Hakukuwa na kishindo. Ilikuwa sauti laini, kama ugali unapogeuzwa.

Mong'ina alipofika ukingoni alimkuta amezama mpaka kifuani katika samadi ya msimu mzima. Kofia ilikuwa bado usoni. Na hata humo ndani, kijana wa watu alikuwa akijipindua kidogo kidogo, kwa shida, mpaka akafanikiwa kumpa mama mkwe mgongo tena.

“Shikamoo, mama,” aliuambia ukuta wa shimo.

Mong'ina aliangalia huku na huku apate mtu. Anyona alikuwa amekwenda mjini. Na Kemuma, ambaye siku zote yuko nyuma ya ua, hakuwepo, maana siku unapomtaka Kemuma ndiyo siku Kemuma amekwenda kliniki. Yorisi alijaribu kupanda, ukingo ukamegeka, akarudi chini zaidi. Mong'ina akafungua leso kiunoni, akashika ncha moja, akamrushia nyingine begani. Yorisi aliipokea bila kugeuka, akaizungusha kwenye ngumi, na mama akavuta kama anayevuta ndama kisimani. Kijana akaanza kutoka. Leso ikalia. Leso ilikuwa ya umri mmoja na ile petikoti, ila yenyewe haikuwahi kupata kiraka. Ikapasuka katikati, Mong'ina akakaa kwenye majani kwa kishindo, na Yorisi akarudi alikotoka.

“Pole, mama,” alisema, akiwa ametazama ukutani. “Leso nitanunua.”

Hapo ndipo Mong'ina alipocheka. Alianza kwa pua, akijizuia, akafunika mdomo kwa kipande cha leso kilichobaki, ikawa hakuna dawa. Alicheka kwa ajili ya sindano ambayo hakuiangusha, na kilo hamsini, na firigisi iliyorudi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na ndani ya shimo ile kofia nayo ikaanza kutikisika.

Akafuta uso. Akapiga magoti ukingoni.

“Yorisi,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kupita mdomoni mwake. “Geuka. Nipe mkono.”

“Mama, Purity amesema mimi na wewe hatu—”

“Purity hayumo shimoni.”

Akageuka. Akatoa mkono, na ulikuwa mkono wa namna ambayo hakuna mama angetaka kuushika hata ungekuwa wa mwanawe wa kumzaa. Mong'ina akaushika. Akaegemeza kisigino kwenye mzizi wa mgomba, akavuta, akaomba, akavuta tena, na Yorisi akatoka mzima mzima, mrefu kama siku ile alivyoshuka garini, ila rangi tofauti.

Walisimama. Mong'ina alikuwa akingoja kitu kitokee, mbingu au ardhi. Kilichotokea ni kuku wa Anyona kuja kuchakura pale mbolea ilipomwagika. Basi akachukua kikapu, akatangulia, na mkwe akafuata nyuma mbali kidogo, kwa heshima na kwa sababu ya harufu.

Nyumbani Purity alikuwa ameweka sanduku kitandani na kulijaza nusu. Alipowaona hakuuliza kitu. Alikwenda kuchota maji. Yorisi akaogea nyuma ya nyumba ya kaka, na nguo zake, suruali na shati, Mong'ina akazichukua mwenyewe. Zile nyingine alimwachia mwenye mume. Hata ukivuka mto mmoja, huvuki mito yote. Alifua pale jikoni, na Yorisi, aliyekwisha kuoga, akaja akaketi nje, mgongo wake kwenye ukuta wa jikoni, wakawa wawili na udongo katikati. Aliomba radhi kwa petikoti. Alisema kama angejua angeiacha kwenye beseni. Kisha, kwa kuwa kwao hawafichi jambo, akaongeza kwamba mpira wa kiunoni wa petikoti hiyo umechoka sana, mama autazame.

Mong'ina aliinamia povu mpaka aliposhinda kicheko. Akamjibu kwamba amesikia.

Jioni ile sanduku lilirudi chini ya kitanda. Habari za hoteli hazikutajwa tena, na kabla ya kuondoka Purity alikwisha kusema watakuja Desemba ya mwaka ujao, na katikati hapo mama aende Uholanzi awaone. Nyumba yao ina choo kimoja na bafu moja, na mlango wa bafu, Yorisi alisema kwa fahari, ni wa kioo. Mong'ina ameshaanza kuhofia.

Lakini Jumanne asubuhi zile nguo alizianika mwenyewe. Alizitia vibanio, ncha kwa ncha, kwenye kamba ya mbele, barabarani. Miguu ya ile suruali ilikaribia kuburuzika kwenye nyasi. Kemuma akapita akienda shambani, akasimama kama kawaida yake, akaizunguka kwa macho mbele na nyuma.

“Hii haijaandikwa uzito,” alisema.

“Niulize mimi,” Mong'ina akamwambia. “Ni mimi niliyemvuta.”

Kemuma akashusha jembe begani, akatafuta kigoda.